Wanapopishana Mwindaji na Windo: Barafu ya Ncha za Dunia na Nyangumi wa Kusi

Hotuba kwa wavuvi, walimu na wanafunzi, Malindi

Assalaam aleikum, wazee wangu, mama zangu, ndugu manahodha na wavuvi, walimu na wanafunzi.

Kila mwaka kusi likishakaza, baina ya Julai na Septemba, manahodha wanaotoka nje ya mwamba hapa Malindi na kule Watamu huwaona nyangumi wenye nundu wakipita, aghalabu mama akiwa na mwanawe ubavuni. Baadhi yao huendelea kupanda hadi bahari ya Lamu na kupita huko. Nimeombwa nizungumzie mabadiliko ya tabianchi na wanyama wawindao katika bahari za ncha za dunia, na namwelewa kabisa mtu atakayeuliza Malindi ina udugu gani na pengwini au dubu mweupe. Jibu langu ni hao nyangumi.

Nyangumi mwenye nundu hufikia urefu wa mita 15 au 16 na uzito wa tani 30 hivi, lakini akiwa katika maji yetu hali kitu, au hula kidogo kisichohesabika. Amekuja kupandana, kuzaa na kunyonyesha katika maji ya vuguvugu. Chakula chake cha mwaka amekwisha kukila katika Bahari ya Kusini, pembezoni mwa Antaktika, zaidi ya kilomita 6,000 kutoka hapa tulipokaa, na maziwa anayomnyonyesha mwanawe mbele ya Malindi yametoka katika mafuta aliyojiwekea mwilini kule. Mafuta hayo nayo yametokana, kwa sehemu kubwa sana, na mnyama mmoja mdogo aitwaye krili.

Anayetaka kumjua krili na aufikirie uduvi. Krili ni mkubwa kidogo kuliko uduvi wetu. Aliyekomaa ana urefu wa sentimita 6 na uzito wa gramu moja au mbili, macho meusi makubwa, na mwili unaopitisha mwanga hata utumbo wake wa kijani huonekana akiwa ameshiba. Huogelea kwa makundi makubwa mno, na wote kwa pamoja katika Bahari ya Kusini wanakadiriwa kuwa na uzito wa mamia ya mamilioni ya tani. Nyangumi, sili, pengwini, samaki, ngisi na ndege wa bahari hiyo ama humla krili mwenyewe, ama humla anayemla.

Maisha ya krili yamefungamana na barafu. Sizungumzii barafu ya milimani, wala ile iliyolala juu ya bara la Antaktika, bali bahari yenyewe, ambayo wakati wa baridi uso wake huganda na kuwa gamba linaloelea, lenye unene wa mita moja hivi katika sehemu nyingi. Kila Septemba gamba hilo huizunguka Antaktika yote na kufikia takriban kilomita za mraba milioni 18, eneo linaloizidi Kenya mara thelathini, kisha huyeyuka hadi kufikia Februari ikabaki sehemu ndogo tu. Upande wake wa chini, pale mwanga hafifu unapopenya, huota mwani mdogo sana wa rangi ya hudhurungi. Krili huzaliwa majira ya kiangazi cha huko, na wachanga wake huingia msimu wa baridi wakiwa hawana akiba. Krili mzima aweza kufunga miezi kadhaa, na mwili wake husinyaa akawa mdogo kuliko alivyokuwa. Mchanga hana uwezo huo. Kwa hiyo hukaa chini ya barafu, akiukwangua ule mwani kwa miguu yake ya mbele na kujificha humo humo katika mianya asiliwe. Barafu ikiwa chache, au ikichelewa kuganda hata jua likawa limekwisha kutoweka kabla mwani haujaota, kizazi cha mwaka huo huwa haba.

Hapa ndipo ilipo hoja yangu, na sina nyingine. Tunaposikia kwamba mabadiliko ya tabianchi yanawadhuru wanyama wa ncha za dunia, wepesi wa fikra hutufanya tudhani kwamba joto linawachoma, au kwamba chakula kimekwisha baharini. Pengine ni hivyo, lakini mara nyingi zaidi chakula kipo na mwindaji yupo, ila wanapishana, ama kwa mahali ama kwa wakati. Ninyi wavuvi mnalijua jambo hili kuliko profesa yeyote. Wakati wa kaskazi, mkondo unaoshuka kutoka Somalia hukutana na mkondo wetu unaopanda kutoka kusini, maji ya chini yenye rutuba huinuka, na samaki hukusanyika kule kwenye mafungu ya kaskazini. Nahodha hununua petroli na barafu kwa kuutegemea msimu huo. Sasa tuseme mwaka mmoja mikondo ikakutanika mbali zaidi au mwezi mzima baadaye: samaki hawakuisha baharini, lakini petroli imekwisha, barafu imeyeyuka katika sanduku, na watoto nyumbani hawawezi kuambiwa wasubiri. Mnyama wa ncha ana mwezi mmoja au miwili tu katika mwaka ambamo ama anashiba ama anakosa.

Tuanze na kusini. Lazima niseme wazi kwamba barafu ya bahari ya Antaktika haikupungua tangu zamani. Kwa miongo kadhaa ilikuwa imetulia, na hata ikaongezeka kidogo hadi miaka ya 2014 na 2015, na wasiotaka kusikia habari za tabianchi walipenda sana kulitaja hilo. Kuanzia mwaka 2016 ikaporomoka ghafla. Februari 2023 ilishuka hadi kilomita za mraba milioni 1.79, kiwango cha chini kuliko vyote tangu vipimo vya satelaiti vianze mwishoni mwa miaka ya 1970. Baridi ya mwaka huo huo haikuifidia: Septemba ilipofika barafu ilikuwa haijavuka milioni 17, pungufu kwa milioni moja hivi kuliko rekodi ya chini ya majira kama hayo, iliyokuwa ya mwaka 1986.

Mwenye hasara ya kwanza ni pengwini kaisari. Huyu ni ndege asiyeruka, mwenye urefu wa zaidi ya mita moja, ambaye huzalia juu ya barafu ya bahari iliyoshikamana na pwani, tena katikati ya baridi na giza. Mama hutaga yai moja baina ya Mei na Juni, akamkabidhi baba, naye akarudi baharini kutafuta riziki. Baba huliweka yai juu ya nyayo zake, akalifunika kwa ngozi ya tumbo lake, akasimama hivyo kwa siku zipatazo 65 bila kula, akiwa ameshikamana na wenzake dhidi ya upepo. Ratiba hii ngumu ina sababu yake. Kinda huchukua miezi kukua, na manyoya yasiyopenyeza maji humtoka mnamo Desemba au Januari, wakati ambapo barafu huvunjika na chakula kuwa tele karibu. Barafu ikivunjika mapema, kinda mwenye manyoya mororo ya utotoni hutumbukia katika maji ya baridi kali, na hajui kuogelea.

Ndivyo ilivyokuwa mwaka 2022 katika Bahari ya Bellingshausen, upande wa magharibi wa Rasi ya Antaktika. Barafu ilivunjika mapema, na katika mazalia matano yanayojulikana katika sehemu ya kati na ya mashariki ya bahari hiyo, manne hayakutoa hata kinda mmoja. Hakuna aliyekuwapo kuyaona kwa macho. Watafiti waliyatambua kwa picha za satelaiti, ambamo mazalia huonekana kwa doa la kinyesi juu ya weupe, na doa hilo likatoweka barafu ilipotoweka. Kabla ya hapo, kuanzia 2016, zalia la Halley Bay katika Bahari ya Weddell, lililokuwa la pili kwa ukubwa duniani, lilishindwa kulea makinda kwa miaka mitatu mfululizo baada ya barafu yake kuvunjwa na dhoruba. Pengwini wazima hawakufa wote. Wengi walihamia kwenye zalia jirani. Nalisema hili kwa makusudi, kwa kuwa kuhama kunawezekana maadamu kuna pa kuhamia.

Pengwini wa Adélie wana kisa kingine. Katika visiwa vilivyo karibu na Palmer, kituo cha utafiti cha Marekani kwenye Rasi ya Antaktika, kulikuwa na jozi zipatazo 15,000 miaka ya 1970, na tangu wakati huo zimepungua kwa zaidi ya asilimia 80. Mahali pale pale pengwini jentu, ambao hawaitegemei barafu, wameongezeka. Na katika Bahari ya Ross, ambako barafu ilidumu zaidi, Adélie hawajaanguka hivyo. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba pengwini wanaisha, muulize kwanza ni pengwini gani, na wa wapi.

Krili nao wamesogea. Watafiti waliokusanya kumbukumbu za nyavu za utafiti tangu miaka ya 1920 katika sehemu ya Atlantiki ya Bahari ya Kusini waliona kwamba kitovu cha krili kimehama kuelekea Antaktika kwa zaidi ya kilomita 400. Ndege au sili mwenye watoto katika kisiwa cha Georgia ya Kusini hawezi kuhama pamoja nao. Lazima arudi kunyonyesha au kulisha, na mwendo wake wa kwenda na kurudi una kikomo. Sili wa manyoya wa kisiwa hicho wameonyesha alama hiyo: miaka yenye krili haba, wachanga huzaliwa wakiwa na uzito mdogo.

Upande wa kaskazini mambo ni ya namna nyingine, kwa sababu Aktiki ni bahari iliyozungukwa na nchi kavu, na kwa sababu huko joto limepanda karibu mara nne ya kasi ya wastani wa dunia tangu 1979. Barafu yake ya Septemba ilifikia kiwango cha chini kabisa mwaka 2012, kilomita za mraba milioni 3.4. Mwindaji anayetajwa sana ni dubu mweupe, na nitampitia upesi kwa kuwa habari zake mmezisikia. Windo lake kuu ni sili wa pete, ambaye humvizia kwenye tundu la kupumulia katika barafu, au humchimbua mtoto wake kutoka pango la theluji wakati wa masika ya huko. Anachokitaka hasa ni mafuta ya sili. Katika Ghuba ya Hudson, upande wa magharibi, nchini Kanada, barafu sasa huvunjika wiki tatu hivi mapema kuliko ilivyokuwa miaka ya 1980, na dubu hulazimika kukaa nchi kavu bila windo la maana kwa muda mrefu zaidi. Mwaka 1987 walikadiriwa kuwa 1,185. Mwaka 2021 wakawa 618. Watu huuliza, je, hawawezi kula mayai ya ndege na matunda ya mwituni? Wanayala. Katika utafiti uliochapishwa 2024, dubu 20 wa eneo hilo walifuatiliwa kwa kamera za shingoni wakiwa nchi kavu, na 19 kati yao walikonda hata hivyo. Lakini katika Bahari ya Chukchi, baina ya Alaska na Urusi, ambako maji ni ya kina kifupi na sili ni wengi, dubu walipopimwa walikutwa wanono ingawa barafu ilikuwa imepungua.

Mimi huvutiwa zaidi na wadogo. Mahali pa krili, Aktiki ina vijidudu vya maji viitwavyo kopepodi, kila kimoja kikubwa kuliko punje ya mchele kwa kidogo tu au kidogo kuliko hiyo. Kopepodi wa maji baridi wana tone la mafuta linaloonekana ndani ya mwili, na ndilo linalowanenepesha samaki, ndege na hata nyangumi wa Aktiki. Maji ya Atlantiki yanapozidi kuingia kaskazini, huja na kopepodi wa aina yake, aliye mdogo na mwenye mafuta machache mno. Ndege anayepiga mbizi kuwafuata sasa anawakuta tele, lakini lazima ale wengi zaidi ili kupata mafuta yale yale, na masaa ya mchana wake hayakuongezeka.

Kisha kuna samaki mdogo wa barafuni, Boreogadus saida kwa jina la kitaalamu, mwenye urefu wa shubiri moja hivi na damu yenye kinga dhidi ya kugandishwa na baridi. Yeye ndiye kiungo baina ya kopepodi na sili. Katika kisiwa cha Cooper, Alaska, kisiwa cha mchanga kisicho na kimo, mtafiti George Divoky amekuwa akiwafuatilia gilimoti weusi, ndege wanaozamia samaki, tangu mwaka 1975. Mwishoni mwa miaka ya 1980 kulikuwa na zaidi ya jozi 200 zilizoatamia pale. Barafu ilipoanza kurudi nyuma mbali na kisiwa majira ya kulea, samaki wa barafuni alikwenda nayo, na wazazi wakaanza kuleta samaki wa miambani wenye vichwa vipana na miiba, ambao kinda huwameza kwa shida au hushindwa kabisa. Miaka ya karibuni jozi hazifiki 50. Samaki yule hakutoweka katika Aktiki. Amekwenda mbali kuliko bawa la mzazi linavyoweza kwenda na kurudi kabla kinda halijafa njaa.

Barafu ikiondoka, wawindaji wengine hufunguliwa mlango. Nyangumi wauaji, ambao pezi lao refu la mgongoni huwazuia wasipite kwenye barafu nzito, sasa huingia mashariki ya Aktiki ya Kanada mapema na kukaa zaidi. Watafiti walipowafunga vipima-mwendo narwali, wale nyangumi wenye pembe ndefu, waliona kwamba nyangumi wauaji wakiwamo katika ghuba, narwali hujibana ukingoni mwa pwani hata kama wauaji hao wako makumi ya kilomita mbali nao. Hawakuliwa, lakini wameacha malisho yao.

Sasa turudi kwa nyangumi wetu. Karne ya 20 wavuvi wa nyangumi waliwaua zaidi ya 200,000 wa aina hii ya nundu katika nusu ya kusini ya dunia, na tangu walindwe mwaka 1963 wameongezeka tena kwa namna ya kutia moyo. Kwa hiyo sitasema kwamba wanakaribia kuisha. Wapo wengi kuliko alivyowaona babu yangu. Swali ni kama bahari wanayorudi kuila ni ile ile. Kando ya Rasi ya Antaktika, watafiti walichukua vipande vidogo vya ngozi na mafuta ya majike kwa miaka kadhaa na kupima homoni za mimba. Mwaka 2020, baada ya msimu wenye krili tele, asilimia 86 ya majike waliopimwa walikuwa na mimba. Mwaka 2017, baada ya msimu wa krili haba, walikuwa asilimia 29. Nyangumi wale huenda kuzalia upande wa Pasifiki, Kolombia na jirani zake, wala si wetu. Lakini mwili ni ule ule, na chakula ni kile kile. Na karibu nasi zaidi, nyangumi wa kusini wasio na pezi la mgongoni, ambao huzalia pwani ya Afrika Kusini, zamani walizaa kila baada ya miaka 3, na sasa wengi wanapitisha 4 au 5, jambo ambalo watafiti wanalihusisha na chakula chao cha Bahari ya Kusini.

Juu ya hayo yote, krili wanavuliwa. Meli kubwa huwafuata kwa ajili ya chakula cha samaki wa kufugwa na mafuta yauzwayo katika vidonge. Tume ya kimataifa inayosimamia uvuvi wa Antaktika, iliyoundwa mwaka 1982, imeweka kikomo cha tani 620,000 kwa mwaka katika sehemu ya Atlantiki. Ukilinganisha na krili wote waliopo, kiasi hicho ni kidogo sana, na wenye meli hupenda kukumbusha hivyo. Lakini mvuvi hapimi samaki kwa bahari nzima. Hupima kwa fungu analolivua. Kulikuwa na kanuni iliyoigawa hiyo tani 620,000 katika maeneo mbalimbali ili meli zisirundikane mahali pamoja, na kanuni hiyo ikamalizika muda wake mwaka 2024 bila nchi wanachama kukubaliana kuirefusha. Mwaka uliofuata kikomo kikafikiwa kabla msimu haujakwisha, na uvuvi ukafungwa mapema, mwezi wa Agosti. Kwa maoni yangu hilo ni kosa linalorekebishika upesi kuliko joto la bahari, kwa kuwa linahitaji sahihi za nchi zinazokaa meza moja kila mwaka, na Afrika Kusini na Namibia ni miongoni mwao.

Mzee mmoja ameniuliza kabla sijapanda hapa kama siku moja nyangumi wataacha kuja. Sidhani kwamba wataacha. Ninachokitarajia, krili wakiendelea kusogea na barafu ikiendelea kuyumba, ni miaka ambayo watakuja mama wachache wenye watoto, au watachelewa, au watapita wakiwa wamekonda, mifupa ya shingo ikionekana nyuma ya kichwa, na hakuna kituo cha utafiti kule barafuni kitakachoyaona hayo. Yataonekana hapa. Watamu Marine Association wamekuwa wakikusanya habari hizi kwa miaka kadhaa pamoja na manahodha wa mashua za uvuvi wa michezo, lakini mashua hizo hazipo kila mahali, na kusi linapovuma vibaya nyingi hazitoki.

Kwa hiyo naomba mambo mawili kwenu mnaotoka. Ukimwona nyangumi msimu huu, shika tarehe, mahali, idadi, kama ana mtoto, na kama alikuwa akielekea kaskazini au kusini, na uyafikishe Watamu au kwa kiongozi wa fukwe yenu. Akinaswa katika jarife, usiingie majini kumkata mwenyewe. Mkia wake ukikupata hutarudi. Piga simu kwanza, kaa mbali, mfuate kwa macho. Na wazee mnaokumbuka nyangumi walikuwa wakitokea mwezi gani mlipokuwa vijana, kabla hakujakuwa na mtu wa kuandika, walimu waliopo hapa wamekubali kuwatuma wanafunzi wao waje wawasikilize na kuyatia maneno yenu kwenye daftari. Orodha ya kujiandikisha ipo mezani pale mlangoni. Asanteni.